Namna ya kumwulizia mzabuni kabla hujampa kazi: mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Kigoma

Ujumbe ninaoletewa ni ule ule, majina tu ndiyo hubadilika. Mtu wa Mwanga, Ujiji au Kasulu ameagiza mashine, au amefungiwa sola, au amempa mtu mzigo wa dagaa aufikishe Dar. Ametuma nusu ya pesa, sasa simu haipokelewi. Nikimwuliza kama alimwulizia mtu huyo kabla, jibu halikawii: "Nilimwulizia. Alinipa namba tatu, nikapiga zote, wote wakamsifu."

Kosa liko hapo. Namba ulizipokea kwa mzabuni mwenyewe, na hakuna mzabuni atakayekupa namba ya mtu anayemdai. Namba hizo si za kutupa, zina kazi yake, ila ni mwanzo wa kuulizia, na wengi wetu tunazifanya mwisho.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo. Una banda la kuuzia samaki Kibirizi. Unataka kufungiwa sola na majokofu mawili. Mzabuni ana ofisi Mwanza, na bei aliyokupa ni shilingi milioni 14. Kama kazi yako ni kuezeka, vifungashio vya mawese au usafirishaji, hatua ni hizi hizi, na penye tofauti nitasema.

Tenga wiki moja. Kama kazi yenyewe haifiki laki tano, fanya hatua ya 2 na ya 5 tu, kisha endelea na maisha yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la kazi hii peke yake. Vipande vya karatasi hupotea, na kumbukumbu hupendelea mtu aliyekuchangamkia.
- Profoma ya mzabuni, yaani karatasi ya bei anayokupa kabla ya kazi, yenye jina kamili la biashara, TIN (namba ya mlipakodi), anwani na namba ya akaunti.
- Nakala ya cheti chake cha usajili na leseni ya biashara.
- Dakika za kutosha kwenye simu. Maongezi mazuri na mteja mmoja huchukua robo saa, na ujumbe wa WhatsApp hauwezi kushika nafasi yake.
- Nauli ya kwenda kuona kazi moja au mbili, au ndugu anayeaminika aliye karibu na kazi hiyo.
- Mtu wa pili wa kusoma daftari lako, awe ambaye hajakutana na mzabuni. Wewe umeshanywa naye soda, huoni sawasawa tena.

## Hatua ya 1: Andika kazi yako kwenye ukurasa mmoja

Andika unataka nini, kiasi gani, wapi, na iwe tayari lini. Kwa mfano wetu: majokofu mawili ya lita ngapi, yawake saa 24, Kibirizi, kabla mvua hazijaanza.

Bila ukurasa huu utawauliza watu "ni mzuri?" na watakujibu "ni mzuri." Mzuri wa nini? Fundi aliyemfungia mtu taa nne na chaja ya simu Buhigwe anaweza kuwa hodari kabisa, na bado hajawahi kugusa jokofu la samaki.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyejua biashara yako akiusoma ukurasa anaweza kusema kazi ni nini na mwisho wake ni lini.

## Hatua ya 2: Omba majina kwa namna inayombana

Usimwambie "nipe watu watatu niwaulize." Mwambie hivi:

"Naomba wateja watano. Wawili uwe umewamalizia kazi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Wawili uwe umewamalizia zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Na mmoja ambaye kazi yake ilisumbua, uniambie uliisawazishaje."

Wale wa karibuni watakueleza mafundi alionao sasa wanafanyaje kazi. Wale wa zaidi ya mwaka watakueleza kama kazi inadumu na kama anarudi akiitwa. Sola mpya huwaka kwa kila mtu. Betri mbovu hujitokeza baadaye, na bati lililopigwa vibaya huonekana likishapita msimu mmoja wa mvua, ambao kwetu hapa unaanza kwenye Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei.

Huyo wa tano ndiye kipimo. Mzabuni aliyefanya kazi miaka kadhaa bila kazi hata moja kumsumbua, ama hajafanya kazi nyingi, ama hasemi kweli. Anayejibu, "Kuna mama mmoja Kasulu, inveta iliungua mara mbili, nikambadilishia kwa gharama yangu, mpigie," huyo ameanza vizuri.

Tahadhari: wapo watakaosema wateja wao hawapendi kutajwa. Kwa mteja mmoja au wawili hilo linakubalika, na ni haki yao. Kwa wateja wote, hapana. Mpe siku mbili awaombe ruhusa.

Umefaulu ikiwa: una majina matano, kila moja na aina ya kazi, mahali ilipo na mwezi ilipokamilika.

## Hatua ya 3: Hakikisha biashara yenyewe ipo

Kazi hii ni ya nusu siku. Watu wengi huiruka kwa sababu cheti kinaonekana kizuri, lakini cheti ni karatasi na karatasi inachapishwa popote.

Ingia mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, utafute jina lililo kwenye profoma. Tazama kama ni kampuni au jina la biashara tu. Tofauti yake ni kubwa siku ya kudai: kampuni inashtakiwa kwa jina lake, ila kwenye jina la biashara unamdai mwenye jina mwenyewe. Ukitaka kujua wenye hisa na wakurugenzi, unalipia ada ya utafutaji rasmi. Kwa milioni 14, lipia.

Leseni nyingi za biashara hutolewa na halmashauri, nyingine na BRELA, kwa hiyo soma ni nani aliyeitoa na mwisho wake lini. Leseni iliyokwisha mwaka juzi inakuambia jambo.

Kisha kuna kibali cha fani yake. Anayefunga umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mkandarasi wa ujenzi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kwa madaraja kuanzia la 1, ambalo ni la kazi kubwa, hadi la 7. Mwenye lori la mizigo ana leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Omba namba ya leseni, kisha uwapigie wenyewe waliotoa.

Mwisho, linganisha majina manne: la profoma, la cheti, la TIN na la akaunti ya benki. Yanatakiwa kuwa ya mtu mmoja au kampuni moja. Profoma ikiwa ya kampuni na malipo yakiombwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, uliza kwa nini, na usikubali jibu la "ni ya mhasibu wetu."

Kama una muda, tafuta jina lake kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama za juu husomwa bure. Usipomwona usishangilie. Madeni ya watu wa kawaida huishia Mahakama ya Mwanzo, au kwa mwenyekiti wa mtaa.

Umefaulu ikiwa: majina yote manne yanafanana, na namba za leseni zimethibitishwa na waliozitoa.

## Hatua ya 4: Hakikisha mteja ni mteja

Mwaka mmoja niliagiza chupa za kufungashia mawese kwa mzabuni wa mbali. Alinipa wateja watatu. Wote walikuwa na maneno matamu na wote walipokea simu mlio wa kwanza tu, jambo ambalo peke yake lingenistua. Chupa zikaja, vizibo vikalegea kwenye joto la lori, na nusu ya mafuta yakaishia kwenye turubai. Baadaye ndipo nikajua kwamba wawili kati ya wale watatu walikuwa ndugu zake, na yule wa tatu hajawahi kununua chupa hata moja.

Ningeweza kuwagundua kwa mambo matatu.

La kwanza, tafuta namba ya mteja kwa njia yako. Kama ni nyumba ya wageni, kituo cha afya cha binafsi au duka, namba iko kwenye kibao chake au kwenye risiti yake. Piga hiyo, uombe kuongea na mhusika. Namba aliyokupa mzabuni iweke akiba.

La pili, uliza jambo ambalo aliyefanyiwa kazi tu ndiye anayelijua. "Betri mliziweka upande gani?" "Mzigo ulikuja kwa treni au kwa lori?" Mteja wa kweli hujibu bila kufikiri. Wa kupandikizwa huanza kusema, "Kwa kweli mimi sikuwepo siku hiyo."

La tatu, mwombe mteja akusomee risiti ya EFD (mashine ya kutolea risiti za kodi), au akutumie picha yake akiwa ameficha asichotaka ukione. Risiti ina namba ya uhakiki na muda ilipotolewa. Ukiviingiza kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti, utaona imetolewa na nani na lini. Asipotaka, usimlazimishe, risiti ni yake. Lakini atakayekubali amekupa ushahidi ambao mdomo haupindui.

Umefaulu ikiwa: angalau watatu kati ya watano umewathibitisha kwa njia ambayo mzabuni hakuipanga.

## Hatua ya 5: Piga simu, na ujue kusikiliza

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, na sababu ni adabu yetu. Mtu hatamsema mwenzake vibaya kwa mgeni aliyempigia mara ya kwanza. Atafunika. Kwa hiyo hoji kwa namna inayomruhusu kusema ukweli bila kumvunjia mtu heshima.

Anza kwa utaratibu. Usidandie swali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Kibirizi. Namba yako nimepewa na kijana aliyekufungia sola. Anataka kunifanyia na mimi, nikaona nikuulize wewe uliyetangulia. Una dakika kumi, au nikupigie jioni?"

Neno "uliyetangulia" lina kazi yake. Linamweka kwenye nafasi ya mkubwa anayemshauri mdogo, na mkubwa huona aibu kumpoteza mtu.

Kisha uliza haya, kwa mpangilio huu:

1. Alikuahidi kumaliza lini, na alimaliza lini?
2. Bei iliongezeka katikati? Kwa kisingizio gani?
3. Ni kitu gani kilikuwa cha kwanza kuharibika?
4. Ulipompigia kulalamika, alikuja baada ya siku ngapi, na nauli alilipa nani?
5. Fundi aliyeshika kazi kwa mikono yake ni nani, na bado yuko naye?
6. Ungekuwa unaanza leo, ungempa kiasi gani kabla hajaanza?

Kwenye la tatu, usiulize "kuna kilichoharibika?" Ukiuliza hivyo utaambiwa hapana. Uliza kana kwamba unajua kipo, maana kila kitu huharibika, unachotaka ni kujua nini na lini.

La nne ni letu sisi wa Kigoma hasa. Mzabuni wa Mwanza au Dar akiitwa kurekebisha waya mmoja, safari peke yake inamla siku. Wengi hutoa dhamana ya mwaka mzima wakijua wazi kwamba hawatarudi. Kama mteja alilipa nauli ya fundi kwenda na kurudi, dhamana hiyo ni ya karatasi.

La sita ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtu ambaye hatasema "huyo ni tapeli" hata umbane vipi, atakuambia kwa upole, "Mmh, mimi ningempa asilimia ishirini, nyingine akimaliza." Ameshakujibu. Na anayesema "hata yote ningempa" amekujibu pia.

Sasa sikiliza maneno yenyewe. "Ni mtu mzuri sana," "mpole," "ana hofu ya Mungu," hizo ni sifa za mtu. Umeuliza habari za sola, umejibiwa habari za tabia. Rudisha swali. "Alijitahidi" ni neno la kuliogopa. Kwa Kiswahili chetu, anayejitahidi ni yule ambaye hakufikia. "Hana neno" linategemea sauti: likitamkwa haraka ni sifa, likitanguliwa na kimya lina mkia. Ukisikia kimya, na wewe nyamaza. Hesabu moja hadi tano moyoni. Mara nyingi mtu ataendelea mwenyewe.

Kama mteja anategemea ziwa, muulize pia habari za 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wengi walikwama malipo ya awamu miezi ile. Mzabuni aliwasubiri au alikuja kung'oa vifaa? Mtu unamjua vizuri pesa zinapokauka kwako.

Tahadhari: usimrudishie mzabuni maneno ya mteja kwa kutaja jina. Kesho mteja hatamshauri mtu mwingine, na wewe utakuwa umeongeza ugomvi usiokuhusu.

Umefaulu ikiwa: kwa kila mteja una tarehe, kiasi cha pesa na tukio moja lenye jina la kitu. Ukiwa na sifa tupu, hujapiga simu bado.

## Hatua ya 6: Nenda ukaone kwa macho

Chagua kazi ya zamani kuliko zote iliyo karibu. Kama zote ziko Mwanza, mtume ndugu yako, lakini mpe orodha ya kutazama. Ukimwambia "kanitazamie tu" atakuletea picha ya paneli zinazong'aa.

Kwa sola, atazame haya. Kigoma na Mwanza ziko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zinatakiwa ziinamie kaskazini kidogo, na mwinamo uwe wa kutosha mvua iweze kuosha vumbi. Fremu ziwe hazijashika kutu. Kati ya betri na inveta kuwe na swichi ya kukata umeme au fyuzi ya kufaa, na betri zisiwe zimefungiwa kwenye kabati lisilopitisha hewa. Nyaya ziwe zimefungwa na kuingizwa kwenye bomba, zisining'inie kama kamba ya kuanikia nguo.

Kisha amtafute mlinzi. Mwenye mali anajua alilipa kiasi gani, mlinzi ndiye anayejua majokofu yanazima saa ngapi usiku. Swali moja tu linatosha: "Usiku yanalala yakiwaka?"

Kwa kazi ya kuezeka, nenda siku mvua imenyesha. Kwa lori, nenda stendi ya malori siku ya kushusha, utazame turubai na matairi, umwulize utingo wamekaa njiani siku ngapi. Kwa vifungashio, omba kipande kimoja kilichokaa dukani kwa mteja miezi sita, ukiminye.

Umefaulu ikiwa: umeona kazi iliyopita mwaka mmoja ikiwa bado inafanya kile ulichokiandika kwenye hatua ya 1.

## Hatua ya 7: Tafuta jina ambalo hukupewa

Hapa mzabuni hana mkono. Kuna watu watatu wanaomjua kuliko wateja wake.

Mwenye duka la vifaa anakochukua mali. Huyu anajua kama analipa au anakopa, na kama vifaa anavyochukua ni vile anavyoviandika kwenye profoma. Usimwulize deni lake, hatakuambia. Mwulize, "Nikimtuma achukue mali kwako kwa jina langu, utampa?" Tazama uso wake.

Fundi aliyewahi kufanya naye kazi na kuondoka. Msikilize kwa tahadhari, kuna kinyongo ndani yake. Lakini mafundi wawili wasiojuana wakikuambia wote kwamba hawakulipwa, kazi yako ndiyo itakayotumika kulipa madeni hayo, na katikati pesa itakwisha.

Mteja uliyemgundua mwenyewe. Kwenye kila simu ya hatua ya 5, malizia kwa kuuliza, "Unamfahamu mwingine aliyefanyiwa na huyu?" Mji wetu si mkubwa, na Mwanga watu wanajuana. Namba ya sita, ile uliyoipata kwa mteja wa pili, mara nyingi ina uzito kuliko tano za kwanza.

Umefaulu ikiwa: umeongea na angalau mtu mmoja ambaye mzabuni hajui kwamba umeongea naye.

## Hatua ya 8: Amua, kisha ulinde malipo

Mpe yule mtu wa pili daftari. Akisoma, akuulize maswali. Lawama moja ya mtu mmoja inasameheka. Lawama ile ile kutoka kwa watu wawili wasiofahamiana haisameheki, hata bei iwe nafuu vipi.

Sifa na lawama zikiwa zimechanganyika, usikate kamba na usimpe yote. Gawa kazi. Kwa mfano wetu, afunge jokofu moja kwanza, uliwashe siku 30, ndipo aje kwa la pili. Mzabuni mwenye uwezo atanung'unika kisha atakubali. Asiyekubali alikuwa anaihitaji milioni 14 nzima kwa sababu nyingine.

Mkataba uandike, na yale uliyoyasikia kwa wateja yaingie humo. Kama walilalamikia nauli ya fundi, andika kwamba ndani ya miezi 12 nauli ni ya mzabuni, na awe amefika ndani ya siku ngapi. Kama walilalamikia fundi kubadilishwa, andika jina la fundi. Malipo yaende kwa awamu zinazofuata kazi: vifaa vikifika Kibirizi na kuhesabiwa, vikishafungwa, na sehemu ya mwisho baada ya siku 30 za kuwaka. Kila malipo yawe na risiti ya EFD siku hiyo hiyo.

Siku ya kutuma pesa, fungua tena daftari kwenye ukurasa wa hatua ya 3 na usome namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Ukipata ujumbe asubuhi ile kwamba akaunti imebadilika, benki ina tatizo, tuma kwa namba hii nyingine, usitume. Mpigie mzabuni kwa namba uliyoizoea, umsikie sauti, umwulize. Kama ni kweli imebadilika, alete barua yenye mhuri na wewe uanze upya hatua ya 3, hata kama lori lake limeshafika Mwandiga.